Rada mpya na kombora refu kwenye F-5 ya zamani: zinatosha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme hapa Mombasa, nakaa Likoni. Juzi tukisubiri feri tulibishana na wenzangu kuhusu ndege za kivita za F-5, kama zile za Nanyuki. Mmoja alisema ni vyuma vikuukuu, hata ukizifunga kombora la kilomita 100 zitaangushwa kabla hazijaona kitu. Mwingine akasema Brazil na Thailand wamezifanyia marekebisho na sasa zinaweza kupigana na ndege yoyote kwa mbali. Nani mkweli? Na wewe ungepewa pesa, ungeanza kununua kifaa gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wote wawili wameshika ukweli, ila kila mmoja kashika ncha yake akadhani kashika kamba nzima. Nitakujibu kwa kirefu, maana maisha yangu ya kazi yalikuwa ndani ya mambo haya: zaidi ya miaka 20 ya ufundi wa umeme na rada za ndege. Hata leo nikiwa nimekaa kibarazani Port Reitz, ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Moi, jicho langu huenda kwenye pua yake kabla ya kwenda kwenye mabawa.

Jambo moja kwanza. Sitazungumzia hali ya ndani ya ndege za jeshi letu. Nitazungumzia F-5E kama aina ya ndege, ambayo habari zake ziko wazi duniani kote. Kenya ilipokea za kwanza mwaka 1978, na mwishoni mwa miaka ya 2000 ikaongeza za mitumba kutoka Jordan. Oktoba 2011, majeshi yetu yalipoingia Somalia, kazi waliyopewa marubani wake ilikuwa kupiga shabaha za ardhini. Kupigana na ndege nyingine usiyoiona kwa macho ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Tuanze na pua. Ukifungua pua ya F-5E unakuta antena ya rada yenye upana wa sahani kubwa ya pilau. Nyuma yake yamebanana masanduku ya rada, na hapo hapo iko mizinga miwili ya milimita 20, kila mmoja na risasi zake 280. Hakuna nafasi ya kupitisha kidole cha ziada. Fundi akitia mkono humo kufungua skrubu moja hutoka na michubuko kwenye vifundo vya vidole. Sasa fikiria Su-27, ndege kubwa ya kivita ya Kirusi, au ndugu yake Su-30 ambayo majirani zetu wa Uganda wanayo. Antena yake ina upana wa karibu mita moja, kama sinia la biriani linalozungukwa na watu watano harusini.

Tofauti hiyo ya sahani na sinia ina hesabu yake. Rada hutuma mawimbi, mawimbi yanagonga ndege ya mbali, na mwangwi kidogo unarudi. Nguvu ya mawimbi hupungua yakienda na hupungua tena yakirudi, kwa hiyo umbali wa kuona unafuata kipeuo cha nne cha nguvu unayotuma. Ukitaka kuona mara mbili zaidi kwa kuongeza nguvu peke yake, unahitaji nguvu mara 16. Lakini antena inafanya kazi pande zote mbili, ya kutuma na ya kupokea, na ndiyo maana mambo mengine yakiwa sawa umbali wa kuona unakua sambamba na upana wa antena: upana mara mbili, umbali mara mbili. Mwenye sinia ameanza mchezo akiwa mbele, na hakuna programu ya kompyuta itakayoigeuza sahani kuwa sinia.

Hata hivyo usikate tamaa mapema, kwa sababu rada ya asili ya F-5E ilikuwa na kasoro kubwa kuliko udogo wake, na kasoro hiyo inatibika. Ilikuwa rada ya mapigo ya kawaida. Ikielekezwa juu, angani ambako hakuna kitu, inaona ndege vizuri kwa umbali wake mfupi. Ikielekezwa chini, mwangwi wa ardhi na wa mawimbi ya bahari unafunika kila kitu. Adui akija chini chini juu ya bahari, rubani aliye juu yake anatazama kioo kilichojaa ukungu.

Dawa yake unaijua hata kama hujaisomea. Simama kando ya daraja la Nyali, matatu ije kwa kasi ikipiga honi. Ikikujia, sauti ni nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nzito ghafla. Hiyo ni athari ya Doppler. Mawimbi ya rada yanabadilika vivyo hivyo, na rada ya kisasa inatumia badiliko hilo kutenganisha mwangwi wa kitu kinachokimbia na mwangwi wa bahari. Waliozifanyia F-5 marekebisho ya maana walianza hapo. Brazil walifunga rada ya Kiitaliano ya Grifo. Singapore walitumia rada ya familia hiyo hiyo kabla ya kuzistaafisha ndege zao mwaka 2015. Chile na Thailand walichagua rada ya Israel, EL/M-2032. Kwa rada hizo F-5 ilipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kutazama chini na kumwona adui anayejificha karibu na ardhi. Hapo rafiki yako wa pili yuko sahihi.

Ila tazama walicholipa Wabrazili. Kazi ilifanywa na kampuni yao ya Embraer pamoja na Elbit ya Israel, na ndege za kwanza zilikabidhiwa mwaka 2005. Ili vifaa vipya viingie, mzinga mmoja kati ya miwili uling'olewa. Kwenye ndege ndogo hakuna cha bure. Kila kinachoingia kinasukuma kingine nje. Rada yenye nguvu inataka umeme zaidi kutoka jenereta zile zile, na inatoa joto linalotaka kupoozwa. Wauzaji wa siku hizi watakuletea picha nzuri za rada ambazo antena haizunguki, zenye vipande mamia kila kimoja kikituma mawimbi yake. Ni rada bora, nami nazipenda. Lakini kabla ya kuuliza bei yake, uliza jenereta zako zitatoa umeme kiasi gani, na joto lile litapelekwa wapi.

Sasa kombora. Rafiki yako wa kwanza alitaja kilomita 100, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Injini ya kombora la kawaida la masafa marefu huwaka kwa sekunde chache tu, baada ya hapo kombora linaserereka kwa kasi liliyoipata, kama mshale uliokwisha kuacha upinde. Kila kona linayokata inakula kasi hiyo. Kwa hiyo umbali wake unategemea mno ndege iliyolirusha: ilikuwa juu kiasi gani, na ilikuwa inakwenda kasi gani. Kwenye kimo cha kilomita 12 uzito wa hewa ni kama robo ya ule wa usawa wa bahari. Kombora linapita kwa ulaini. Kule chini linalima hewa nzito.

Weka mtu juu ya ukuta wa Fort Jesus na mwingine ndani ya ngalawa chini yake, kila mmoja na jiwe la uzito ule ule. Mawe ni sawa, mikono ni sawa, lakini hawana vita sawa. F-5E ndiyo iliyo ndani ya ngalawa. Injini zake mbili za J85 zikiwashwa moto wa nyuma hutoa msukumo wa pauni 10,000 kwa jumla. Za Su-27 hutoa pauni 55,000 hivi. Ndege ile kubwa ni nzito zaidi, najua, lakini inabeba mafuta mengi ndani ya tumbo na makombora mengi bila kuchoka, na inaweza kupanda juu kabisa, ikaongeza kasi kupita sauti, ndipo ikarusha. F-5 ikifungwa makombora mawili ya masafa marefu ya Derby, ya Kiisraeli, ya kilo 118 kila moja chini ya mabawa, pamoja na mawili mafupi kwenye ncha, na tangi la ziada kwa sababu mafuta ya ndani hayatoshi, inapanda kwa shida. Kombora lile lile, likitoka kwenye ndege mbili tofauti, lina masafa mawili tofauti. Na kilomita zinazoandikwa kwenye karatasi za wauzaji ni za adui anayekuja moja kwa moja mbele yako, juu sana, bila kugeuka. Akigeuka na kukimbia, umbali huo unaweza kubaki sehemu ndogo tu.

Fanya hesabu hii ya muda pia. Ndege mbili zinakaribiana, kila moja ikienda mita 300 kwa sekunde. Zinakaribiana kwa mita 600 kwa sekunde. Umbali wa kilomita 60 unaisha kwa sekunde 100. Ndani ya sekunde hizo rubani anatakiwa amwone adui, ahakikishe kweli ni adui, arushe, aendelee kumwelekezea rada ili kombora lipate habari mpya njiani mpaka macho yake lenyewe yafunguke, kisha ageuke aondoke kabla la mwenzake halijamfikia. Kwenye F-5 ya asili, rubani yuko peke yake na kioo kidogo cha rada. Marekebisho mazuri yanampa vioo vipana vya rangi na kofia inayomwonyesha shabaha mbele ya jicho. Msaada huo haupigiwi debe, lakini mimi nauthamini kuliko kilomita 20 za ziada za kombora.

Udogo wa F-5 nao una faida, usiusahau. Mwangwi wake ukitazamwa kutoka mbele ni mdogo. Tuseme mwangwi wake ni moja ya tano ya ule wa ndege kubwa. Kwa hesabu ile ile ya kipeuo cha nne, rada inayoiona ndege kubwa kwa kilomita 100 itaiona ndogo kwa kilomita 67 hivi. Si siri ya kujificha kabisa, lakini kilomita 33 katika vita hivi ni karibu dakika nzima. Bahati mbaya, tangi na makombora yakining'inia chini ya mabawa yanarudisha sehemu ya mwangwi huo.

Historia ya eneo letu ina mengi ya kufundisha hapa, na nashangaa watu wetu hawaizungumzii. Mwaka 1977, katika vita vya Ogaden, F-5E za Ethiopia zilipambana na MiG-21 za Somalia na kuzishinda vibaya. Ndege ilikuwa hii hii, ndogo, ikiwa na mizinga na makombora mafupi ya kufuata joto. Ilishinda kwa sababu ilikuwa nyepesi kugeuka na marubani wake walifunzwa vizuri. Miaka 22 baadaye, Februari 1999, Ethiopia tena, sasa na Su-27, ilikutana na MiG-29 za Eritrea. Pande zote mbili zilikuwa na makombora ya masafa marefu ya R-27. Kwa taarifa zilizotoka, mengi yaliyorushwa kwa mbali yalikosa, na mapigano yakaamuliwa kwa karibu. Makombora ya leo ni bora kuliko yale, lakini mwenye kudhani kwamba kununua kombora refu ni kununua ushindi wa mbali aisome habari hiyo mara mbili.

Halafu India, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo lilipo jibu langu.

India walikuwa na MiG-21, ndege ndogo ya kizazi kile kile cha F-5. Waliifanyia marekebisho makubwa na kuiita Bison: rada mpya ya Kirusi ya Kopyo, kombora la masafa marefu la R-77, kombora la karibu la R-73, na vifaa vya kuvuruga rada ya adui. Februari 2004 huko Gwalior walifanya mazoezi na F-15C za Marekani. Masharti ya mazoezi yaliwabana Wamarekani, na walikuwa wachache angani, lakini Bison ziliwashangaza. Ndege ndogo, isiyoonekana kwa urahisi, ikitokea ghafla na kombora refu mkononi. Watu kama rafiki yako wa pili walianza kusema hapo: ndege ya zamani imefufuka.

Tarehe 27 Februari 2019, Bison ikaingia vitani kweli, juu ya mpaka wa Kashmir. Rubani wake, Wing Commander Abhinandan Varthaman, aliangushwa upande wa Pakistan, akakamatwa, akarudishwa kwao Machi 1. Taarifa za vyombo vya habari vya India zilieleza kwamba waliokuwa chini wakitazama rada kubwa waliona hatari na kumwita ageuke, lakini wito haukumfikia kwa sababu mawasiliano ya redio yalikuwa yamevurugwa. Ndege ilikuwa na rada, ilikuwa na kombora, ilikuwa na rubani hodari. Kilichokosekana ni redio isiyovurugika na kiungo cha data cha kumwonyesha kwenye kioo chake kile ambacho wenzake wa chini walikiona. Nilipoisoma habari ile usiku sikulala. Nilikumbuka ni mara ngapi, katika vikao vya bajeti, nilisikia redio mpya ikikatwa kwenye orodha ili kombora libaki. India walizistaafisha MiG-21 zao zote Septemba 2025.

Ndiyo maana nasema marekebisho ya ndege ndogo kwa vita vya mbali yanaanzia nje ya ndege. Sahani ya pilau haitakuwa sinia, lakini si lazima rubani wa ndege ndogo aone kwa macho yake mwenyewe. Wabrazili walilielewa hili. F-5 zao zinafanya kazi na ndege ya E-99, iliyobeba mgongoni rada ndefu ya Erieye ya Sweden. Ile kubwa inakaa mbali nyuma ikitazama, inatuma picha kwa kiungo cha data, na F-5 inasogea ikiwa imezima rada yake. Rada iliyowashwa ni kama tochi gizani: unaona kidogo, na wewe unaonekana na kila mtu kwa mbali zaidi. Ndege iliyozima tochi, yenye mwangwi mdogo, inayoongozwa na macho ya mwenzake, hata Su-30 itapaswa kuiogopa. Thailand nao kwenye F-5 zao walitia kiungo cha data chao, kofia ya kuonyesha shabaha na vifaa vya kuvuruga rada, vyote kwa pamoja. Hawakununua kombora peke yake.

Uliuliza ningeanza na nini. Njoo tufanye hesabu ya hapa hapa kwetu. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya rada hayapindi sana, kwa hiyo anayeruka chini anajificha nyuma ya mgongo wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha ndege, zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali wa mwisho wa kuona, kwa kilomita. Adui anakuja kutoka bahari kuu kuelekea Kilindini akiwa mita 50 juu ya maji. Rada iliyo kwenye mlingoti wa mita 20 ufukweni itamwona akiwa kilomita 48 tu. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, zimebaki dakika tatu na ushei. Rubani hajafunga hata mkanda. Weka rada hiyo hiyo kwenye kilima cha mita 400 hivi, kama vile vilima vya Shimba, na utamwona kilomita 112, dakika saba. Iweke kwenye ndege inayozunguka kwenye kimo cha mita 9,000, na upeo unafika kilomita 420. Hizo ni karibu nusu saa.

Nusu saa inatosha F-5 mbili kupaa, kupanda na kuvizia. Kwa dakika tatu, hata ukiwa na ndege bora kuliko zote duniani, umeshachelewa. Basi shilingi yangu ya kwanza ingekwenda kwenye macho ya juu na kiungo cha data, pamoja na redio zenye siri zisizovurugika kirahisi. Ya pili ingekwenda kwenye mfumo wa kumtambua rafiki na adui. Aprili 14, 1994, kaskazini mwa Iraki, F-15 mbili za Marekani ziliangusha helikopta mbili za Marekani hao hao, zikaua watu 26, tena mchana. Ukitaka kupiga usichokiona, kosa kama hilo linakusubiri kila siku, hasa kwenye pwani yenye ndege za watalii na za abiria kama yetu. Ya tatu ingekwenda kwenye vifaa vya kumwambia rubani kwamba rada ya adui imemshika, na vya kuivuruga. Rada mpya ya puani ingekuja nafasi ya nne. Kombora ningelinunua mwisho, na ningelinunua baada ya marubani kupata saa za kutosha za kufanya mazoezi ya mpango wote kwenye kiigizo cha ardhini.

Najua mpangilio huo haupendezi. Kombora linapigwa picha likiwa chini ya bawa siku ya sherehe, na kiungo cha data ni kisanduku cha kijivu ndani ya ndege.

Kabla ya yote hayo, fundi anauliza swali lake: mwili wa ndege umebaki na maisha kiasi gani? F-5E ya kwanza iliruka Agosti 1972, na uzalishaji ulikwisha miaka ya 1980. Chuma huchoka. Mihimili ya mgongoni na ngozi ya chini ya bawa hupata nyufa ambazo jicho halizioni mpaka uzitafute kwa mashine. Nyaya nazo huzeeka. Niliwahi kufuatilia hitilafu moja kwenye ndege ya zamani iliyokuwa imefungwa kisanduku kipya kabisa. Kila siku mchana, joto likipanda, kioo kinazimika. Asubuhi kinafanya kazi vizuri. Tulibadilisha kisanduku mara mbili, na wasimamizi wakamlaumu mtengenezaji. Baada ya wiki tatu nilifungua plagi ndogo nyuma ya kiti cha rubani, plagi ambayo haikuwa kwenye orodha ya kazi, nikakuta pini moja imeota ukungu wa kijani. Chumvi ya hewa ya pwani ilikuwa imeila. Waya wa enzi za babu ulikuwa unapeleka data za enzi za mjukuu, na ukashindwa kwenye pini nyembamba kama sindano. Kwa hiyo ukisikia bei ya marekebisho, uliza kama nyaya zimo. Kama hazimo, bei hiyo si ya kweli.

Kwa maoni yangu, kama mwili hauna angalau miaka 15 ya kazi mbele yake, usiuvishe nguo za gharama. Afadhali kununua ndege ndogo iliyozaliwa na vitu hivi ndani yake. Gripen ya Sweden ilijengwa tangu mwanzo kuzungumza na wenzake kwa data. Nigeria walipokea JF-17 tatu mwaka 2021. Korea Kusini wanauza FA-50, ndogo na yenye injini moja. Zote hizi ni ndege nyepesi, na pua zake zilichorwa zikijua kwamba rada ya kisasa itakaa humo. F-5 nazo hazitupwi. Jeshi la majini la Marekani lenyewe lilizinunua za Uswisi ziigize adui katika mafunzo, kwa sababu ile ile ya udogo wake.

Kwa hiyo waambie wenzako feri ijayo hivi. F-5 iliyorekebishwa vizuri, ikilinda kwao, ikiongozwa na macho ya wengine, yenye rubani aliyefunzwa, inaweza kumuua mkubwa. Ikitoka peke yake kwenda kumsaka huyo mkubwa kwake, kombora la kilomita 100 halitaiokoa. Rafiki yako wa kwanza alisahau mtandao huo wa rada na data. Wa pili alisahau kwamba Brazil na Thailand waliulipia.

Na wewe, kwa kuwa uko mwaka wa pili, usibaki na maneno yangu. Ndege za abiria hutangaza nafasi na kimo chake zenyewe kwenye masafa ya megahezi 1090. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kile kinachouzwa kwa kupokea televisheni ya dijitali, kinaweza kuzisikia. Tengeneza antena ya waya, ipandishe kwenye paa la nyumba yenu Likoni, tuseme mita 10 kutoka usawa wa bahari. Kwa fomula niliyokupa, ndege iliyo mita 10,000 isikike hadi kilomita 425 kama antena yako ni nzuri. Iliyo mita 1,000 ipotee kwenye kilomita 143 hivi. Chukua daftari, andika kila ndege ilipotea kwenye umbali gani na kimo gani, kwa wiki nzima, hasa zile zinazoondoka kuelekea baharini ambako hakuna jengo la kukuzuia. Kisha niandikie tena unitumie jedwali lako, tuone pale namba zako zinapokataa kukubaliana na zangu.